Funga Kompyuta Kwanza: Namna ya Kuongeza Kitendo kwenye Menyu

Hatua ya kwanza ni kuifunga kompyuta. Sifanyi mzaha. Ifunge, toka nje, vuka barabara, ukaketi kwenye benchi la mama muuza mahamri. Agiza mahamri mawili na mbaazi za nazi, na huku unakula usome ubao wake wa chaki. Hakuna neno hata moja pale ambalo mteja atauliza maana yake. Na viazi karai vikiisha, mama anavifuta papo hapo kwa kiganja. Hiyo ndiyo menyu. Ukirudi ofisini uwe umeibeba kichwani.

Programu za kufuatilia kazi na hitilafu tunazozitumia huku pwani hazikuzaliwa huku. Bugzilla ilitolewa na Mozilla mwaka 1998, Jira ikaja 2002, Redmine 2006. Zote zilitungwa na watu wa kompyuta kwa ajili ya watu wa kompyuta: kasoro moja hupewa tiketi yenye namba, mwenyewe na hali yake, na tiketi huifuata kasoro hadi iishe. Wazo hilo ni zuri mno, na ndiyo maana leo tiketi zinaandikiwa pampu za maji, jenereta na viyoyozi vya mahoteli kuanzia Kilifi hadi Malindi. Ila menyu imebaki ile ile ya watu wa kompyuta.

Hatua ya pili, basi, ni kutega sikio upate vitenzi. Usiulize watu wanataka vitufe gani, maana watakutajia vitufe. Waulize jana walifanya nini.

Chukua mfano wa Watamu, huku huku pwani. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupigiwa simu na wavuvi walionasa kasa nyavuni. Watu wa shirika huenda wakampima, wakamtia lebo kwenye kikono, wakamrudisha baharini. Akiwa mgonjwa, mathalani amemeza plastiki au anaelea juu bila kuweza kuzama, hupelekwa kliniki yao. Mvuvi naye hupewa fedha kidogo za kufidia gharama zake. Sasa hebu mfanye kasa huyo awe tiketi, kisha umtazame kwa menyu ya kawaida: Hariri. Nakili. Futa. Kasa hanakiliki, na kumfuta ndiko hasa kunakokimbiwa! Vitenzi vya kazi ile ni vingine kabisa: Pima, Tia lebo, Peleka kliniki, Rudisha baharini. Vinne tu, na kila kimoja kina mtu anayekifanya kwa mikono yake.

Hapo kwenye "Rudisha baharini" tukae kidogo, kwa sababu ndipo thamani ya kuongeza kitendo chako mwenyewe inapoonekana. Mtu akibofya mara moja, mambo kadhaa yafanyike pamoja: tarehe na ufuo viandikwe, hali ya tiketi ibadilike, ripoti ipate mstari mpya. Lakini je, tiketi ifungwe hapo hapo? Ningekataa. Ikifungwa kabla mvuvi hajapewa chake, deni lake limezama pamoja na tiketi, na kesho akinasa kasa mwingine simu hataipiga. Kitendo kimoja kwenye menyu, kikiwekwa mahali pasipo pake, kinaweza kuvunja uaminifu uliojengwa kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kuandika msimbo, chora kwenye karatasi nani anabaki anangoja baada ya kila mbofyo.

Ukiogopa kwamba vitenzi vinne ni vichache, tazama Kilifi. Tangu mwaka 2000 watafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891, watu zaidi ya 260,000, kwa kuzungukia nyumba moja moja. Nguzo za hesabu yao ni hizi: kuzaliwa, kufariki, kuhamia, kuhama. Idadi ya umati wote ule inasimama juu ya nguzo hizo nne.

Sasa fungua kompyuta. Nitaeleza kwa Redmine, kwa kuwa ni huria na haina ada ya leseni. Ndani ya folda ya plugins tengeneza folda ya programu-jalizi yako, uweke faili la init.rb. Humo unaisajili kwa jina, kisha unaongeza mstari wa menu wenye mambo haya: menyu gani, kwa kawaida project_menu, kitendo kipi kiitwe, maneno gani yaonekane, na kikae baada ya kipi. Ukitaka kitendo kitokee mtu anapobofya kulia juu ya tiketi kwenye orodha, utahitaji ndoana: view_issues_context_menu_end. Unaning'iniza chambo chako, na programu inapofika hapo inakimeza na kukionyesha.

Maneno yenyewe usiyagandishe ndani ya msimbo. Yaweke kwenye faili la lugha, uweze kuyabadilisha bila kugusa kingine. Kitendo chochote kinachobadilisha hali ya tiketi kisiwe kiungo tu cha kufunguliwa. Kitumwe kwa POST, na kiulize kwanza kabla ya kutenda. Halafu weka ruhusa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, ina daka, ina ndani, na mgeni hujua aishie wapi pasipo kufukuzwa. Ukitangaza ruhusa vizuri, Redmine yenyewe humfichia mtu kile kisichomhusu. Mwisho, anzisha seva upya. Bila hivyo utakodoa macho kwenye menyu ya zamani na kudhani umekosea msimbo.

Hatua ngumu kuliko zote ni ya kupunguza. Ofisi moja ya Malindi iliniita niongeze kitendo cha ishirini kwenye menyu yenye kumi na tisa. Nilikaa nao siku mbili nikiuliza kila kimoja nani alikitumia mara ya mwisho. Vingine viliombwa na meneja aliyekwisha ondoka. Vingine vilikuwa jambo moja lenye majina mawili. Tulibaki na vitano, na menyu ikaenea kwenye kioo cha simu ya fundi wa pampu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akitoa taarifa zake zote kwa kupiga simu.

Nilimfuata mzee huyo karakana, nikamwamkia, nikampa simu aijaribu. Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno, akasita kwenye cha tatu.

"Mwanangu, hapa pameandikwa 'Tatua'. Mimi sitatui. Mimi natengeneza."

Nilifungua faili la lugha pale pale, nikabadilisha neno moja, nikaanzisha seva upya. Akabofya "Nimetengeneza", akanirudishia simu, akaokota spana yake.