Jinsi ya Kumkwepa Winga wa Kwenye Simu

Ndugu yangu, kama umewahi kununua kava ya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nusu ya somo hili unayo tayari. Umeshuka Msimbazi, hata hujatulia, kijana kakudaka: "Bosi, kava? Protekta? Twende nikupeleke." Anakufikisha dukani. Kava ya 8,000 unatajiwa 12,000, unalipa, unashukuru. Ukishakata kona, winga anarudi kwa mwenye duka kuchukua 4,000 yake. Hicho ndicho cha juu.

Duka la programu kwenye simu yako nalo ni winga. Njoo karibu nikuoneshe njia za kumpita, zote halali.

1. Jua cha juu chake. Apple na Google zimezoea kukata hadi 30% ya kile unacholipa ndani ya gemu. Tangu 2021 watengenezaji wadogo wanakatwa 15%. Kwa hiyo ukilipa 10,000, inaweza kuondoka 3,000 kabla aliyetengeneza gemu hajaona senti. Kodi ya Serikali ni habari nyingine, hiyo lipa.

2. Usipakue kitu. Gemu la kustrimu halikai kwenye simu yako. Linachezwa na kompyuta iliyo mbali, ndiyo inayoitwa wingu; wewe unaletewa picha, na kompyuta inapelekewa miguso ya vidole vyako. Mwaka 2020 Apple ilisema huduma za aina hii zinaruhusiwa, ila kila gemu liletwe peke yake, likaguliwe, liwe na ukurasa wake dukani. Ni sawa na kumwambia mwenye duka la vitabu akate leseni kwa kila kitabu. Wenye huduma hizo walitafuta njia nyingine. Walipita mlango wa uani: huduma za GeForce Now na Stadia zikaingia kwenye iPhone kupitia kivinjari cha Safari mwaka huohuo, Xbox ikafuata 2021. Nawe pita hapohapo. Fungua kivinjari, andika anwani ya huduma inayopatikana ulipo, ingia.

3. Tunza heshima yako. Najua unataka kionekane kitu cha maana, na una haki. Kwenye Safari gusa kimraba chenye mshale unaotazama juu, chagua kuweka ukurasa kwenye skrini ya mwanzo. Aikoni itakaa pale, imenyooka kama programu nyingine. Jirani yako kwenye mwendokasi akichungulia, hataona tofauti.

4. Lipa kwa mwenye duka. Kama huduma inapokea malipo kwenye tovuti yake, lipia huko kwa kadi ya mtandaoni, halafu rudi kwenye simu ucheze. Linganisha bei kwanza, maana mara nyingine cha juu ndicho kinachozitofautisha. Aprili 2025 mahakama ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic, iliizuia Apple kutoza kamisheni kwa malipo yanayofanyika nje ya duka lake. Amri ile ilikuwa ya Marekani, lakini kivinjari chako hakihitaji amri ya jaji.

5. Jenga wingu lako. Kama nyumbani au kwa rafiki kuna kompyuta yenye nguvu, tumia programu ya Steam Link: gemu linachezwa kwenye kompyuta, wewe uko kitandani na simu, Wi-Fi moja, bando haliguswi. Apple iliikataa programu hiyo 2018, ikaikubali 2019 baada ya sehemu ya kununulia gemu kuondolewa. Winga hakuwa na tatizo na gemu. Alikuwa na tatizo na droo ya pesa.

6. Usijifanye uko London. Baadhi ya huduma kubwa hazijaiweka Tanzania kwenye orodha zao za nchi, na rafiki atakunong'oneza utumie VPN. Achana nayo. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wajisajili. Tena ukijifanya uko London, mguso wako nao lazima usafiri mpaka London na kurudi. Hadi picha ifike, umeshafungwa goli.

7. Shindwa mapema. GeForce Now inataka angalau megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kawaida. Zikitumika zote, hiyo ni karibu GB 7 kwa saa. Angalia bando lako, kisha angalia moyo wako. Ukiona havilingani, funga simu, nenda kibanda cha gemu mtaani kwako, lipia mechi, ukae benchi moja na dogo atakayekufunga tano bila. Hapo unayemlipa unamwona kwa macho.

Mimi sina ugomvi na winga wa Aggrey. Ametembea na wewe juani, amekubebea mfuko, na siku ukilijua duka unakwenda mwenyewe, naye anakusalimia tu. Hawezi kufunga mtaa. Wa kwenye iPhone aliufunga kwa miaka, na Januari 2024 ndipo alipokubali huduma moja ilete gemu zake zote kwa programu moja. Kijana wa Kariakoo anayetengeneza gemu leo anastahili mteja anayejua njia ya dukani. Ijue, kisha mwoneshe na mwenzako. Usimtoze cha juu.