Kila Chungu na Pilau Yake

Teknesiamu-99m, tegemeo kuu la picha za tiba ya nyuklia, ina nidhamu ya kuonewa wivu: kila baada ya saa 6 mionzi yake hupungua nusu, iwe Boston au Texas. Haikai kikao, haidai posho.

Wenye kuwafundisha mafundi wanaoitumia ndio wenye mitaala kama pilau: kila nyumba na viungo vyake, na kila nyumba inaapa yake ndiyo halisi. Huko Marekani fundi mmoja ana cheti cha mwaka mmoja juu ya taaluma nyingine ya afya, wa pili diploma ya miaka miwili, wa tatu shahada ya miaka minne. Wote wanamdunga mgonjwa yuleyule, kwa kamera ileile ya gama. Jimbo moja linadai leseni, jirani yake halina habari.

Mtihani wa kuwalinganisha? Upo, tena si mmoja: kuna wa NMTCB na wa ARRT, asasi mbili za kuwathibitisha mafundi hao. Kipimo kimoja kingejisikia mpweke.

Endeleeni kujadiliana kuhusu mtaala mmoja, wakubwa wetu, haraka ya nini? Anayelazwa chini ya kamera si mjumbe wa kamati.