Kamera ya Babu, Gari la Babu

Kila Septemba watu humiminika Goodwood, Uingereza, kutazama magari ya hadi 1966 yakifukuzana. Wapiga picha nao hawajambo: suti ya sufu, kofia ya mzee, Rolleiflex kifuani. Kamera hiyo hupiga picha 12 tu kwa filamu moja, na ukiichungulia kwa juu, kulia huwa kushoto. Bwana mmoja akainama, akapima mwanga, akarekebisha fokasi, akabana pumzi. Jaguar aliyoivizia ilishapita kitambo. Alichopiga ni moshi. Filamu itasafishwa kwa pesa nzuri, iskaniwe, kisha irushwe Instagram, ikasifiwe kwenye simu ambayo ingeinasa Jaguar ile bila jasho. Ya kale ni dhahabu, ndiyo, lakini sonara naye ana bili yake.