Rasiberi ya Kutambaa na Ziara ya Mama Mkwe

Mche ukiuzwa kwa jina la rasiberi, mtu mwenye watoto hana ujanja. Hata usome lebo mpaka chini, macho yanarudi kwenye picha ya lile tunda nono la rangi ya machungwa. Maneno yanayoeleza kwamba mmea wenyewe ni wa kufunika ardhi, si wa kuvuna, yameandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Tunaishi nje kidogo ya Seattle, kwenye nyumba iliyojengwa na mtu aliyependa miteremko kuliko majirani zake. Kukata nyasi pale mbele ilikuwa sarakasi: mashine inataka kwenda barabarani, wewe unataka kubaki hai. Mke wangu akaamua nyasi zing'olewe. Kwenye kitalu tukaonyeshwa rasiberi ya kutambaa, mmea wenye asili ya milima ya Taiwan, ambao bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha British Columbia, hapo Vancouver, iliusambaza kwa jina la Emerald Carpet.

Kwa kazi ya mteremko, sina neno baya nao. Kimo chake ni shubiri au pungufu. Majani ni madogo, yamekunjamana, kijani kilichoiva upande wa juu, na kwa chini yana manyoya. Shina likigusa udongo linatoa mizizi papo hapo na kuendelea na safari. Baridi ikija majani hayapukutiki, yanaiva wekundu wa zambarau. Mvua za huku hazina adabu, lakini udongo wetu siku hizi haushuki tena barabarani.

Vurugu zililetwa na watu. Watoto walikuwa wameahidiwa jamu (na mama yao, si mimi). Maua meupe yalipoisha wakashuka mteremkoni na bakuli la kukandia unga, wakitambaa kinyumenyume kwa sababu tunda hili hujificha chini ya majani na kamwe haliivi mahali ulipo, ila pale ulipotoka. Vimiiba vyake ni laini, haviumizi, ila vinapenda soksi. Mdogo wao aliteleza kwa makalio hadi karibu na sanduku la barua. Mavuno yote ya siku ile yalitosha kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na kesi ya nani kala nyingi ilisikilizwa mpaka usiku.

Halafu akaja mama mkwe, kutoka Lushoto. Huko Usambara ndugu za mmea huu huota wenyewe porini. Watoto huchuma, watu wazima hufyeka. Alisimama kibarazani, pindo la kanga limenasa, akaukagua uwanja.

"Baba Zuhura, hapa hamna panga?"

"Mama, haya si magugu. Tumeyapanda."

"Mmeyapanda?"

"Tumeyanunua, mama."

Akamgeukia bintiye, wakasemezana Kisambaa. Mimi Kisambaa sikijui, ila kicheko hakihitaji mkalimani.

Kesho yake alfajiri, eneo lote la kando ya ngazi lilikuwa jeupe. Panga alilikosa, akatumia mkasi wa jikoni. Kisha akafagia, mistari ya ufagio ikaonekana ardhini. Jirani yetu, mzee aliyekuwa amechoka kuukata mmea wetu kila unapovuka uzio wake, alikuja mbio kutupongeza kwa kuajiri mtunza bustani, akamuuliza mama anatoza kiasi gani. Mama hakuelewa hata neno. Akamjibu, "Karibu chai." Mzee akakaribia kweli, akanywa ya tangawizi vikombe viwili, kisha kwa ishara za mikono akampeleka nyuma ya nyumba yake kumwonyesha adui halisi.

Adui huyo pia ni ndugu wa rasiberi: beri nyeusi iitwayo ya Himalaya, ambayo asili yake haihusiani na Himalaya hata kidogo. Luther Burbank, bingwa wa mimea wa California, ndiye aliyeitangaza Marekani kuanzia mwaka 1885 akisifu tunda lake. Leo jimbo la Washington limeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Mashina yake yananenepa kama kidole gumba, miiba inapasua suruali ya jinzi. Mama akalitazama lile pori, akavuta pumzi, akasema, "Hili ndilo la panga." Agosti ilipofika, jamu yetu yote ilitoka kwenye pori hilo hilo, mitungi hadi rafu ikajaa, na jirani akatupa ruhusa ya kuchuma tunavyotaka mradi tumpe mitungi yake.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mteremko unaokusumbua: rasiberi ya kutambaa panda, ni mmea mzuri. Uweke mbali na matuta ya maua, maana hauheshimu mpaka, na ukate kingo zake kila mwaka. Mkwe akija kukutembelea, mwambie mapema, tena mbele ya mashahidi. Jamu nunua dukani.