Ajenda Namba Nne: Gari

Ajenda fupi kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa na neno moja: "Gari." Mwenyekiti ndiye aliyeniagiza. Nilipomuuliza gari lipi, na lifanywe nini, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Wewe weka, wajumbe wataelewa."

Wakaelewa kweli, kila mmoja la kwake. Dereva alikuja na profoma ya matairi manne. Mhasibu alikuja na daftari la mafuta lililojaa alama za kalamu nyekundu, na muda wote hakumtazama mtu mwingine ila dereva. Dada wa mapokezi alitaka kujua kama tutapewa usafiri wa kwenda msibani Jumamosi. Mzee wa masjala akaomba nafasi, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akatusimulia habari za Land Rover ya kwanza ya ofisi, tangu ilipoletwa hadi ilipopinduka. Nusu saa ikapita na bado haijapinduka. Kilichokusudiwa, niliambiwa jioni, ni kuuza lile Land Cruiser bovu lililo nyuma ya jengo, ambalo kuku wa jirani wanatagia. Halikutajwa hata mara moja. Kikao kikaazimia kuunda kamati ndogo.

Ukatibu wa vikao ni kazi ya ajabu: posho ni ileile ya wajumbe, lakini mambo yakivurugika macho yote humgeukia aliyeshika kalamu.

Nilifarijika kidogo nilipogundua kwamba hatuko peke yetu. Mwingereza C. Northcote Parkinson, mwanahistoria aliyewahi kufundisha chuo kikuu huko Singapore, aliwacheka watu wa namna yetu katika kitabu chake cha mwaka 1957. Humo kuna kamati ya fedha inayopitisha kinu cha nyuklia cha mamilioni kwa dakika 2 na nusu tu, halafu inabishana dakika 45 juu ya banda la baiskeli za makarani, na zaidi ya saa nzima juu ya kahawa ya vikao. Kinu wengi hawakielewi, kwa hiyo wananyamaza wasije wakaumbuka. Kahawa kila mtu ameinywa. Kwetu sisi weka bajeti ya mwaka na maandazi kwenye karatasi moja, uone lipi litamaliza siku.

Kikao kilichofuata nikabadili mtindo. Kila ajenda niliiandika kama swali, nikaweka jina la atakayeiwasilisha, dakika zake, na kinachotakiwa kwa wajumbe: waamue, washauri, au wasikilize tu. Gari sasa lilisomeka hivi: "Je, Land Cruiser bovu liuzwe zima kwa mnada, au livunjwe tuuze vipuri? Afisa Ugavi, dakika 15, uamuzi." Mambo ya kusikiliza tu niliyasukuma mwisho, na yale ya kuamua nikayaweka mwanzo, kabla ya saa nne. Hilo la saa nne ndilo la muhimu kuliko yote. Chai ikishaingia, hakuna azimio linalopita mpaka sambusa ziishe, na mwenye hoja akinyimwa pilipili ataipinga hata hoja yake mwenyewe.

Karatasi niliwatumia Jumatatu, kikao kikiwa Alhamisi. Hakuna aliyeisoma. Haikudhuru, maana swali likisomwa kwa sauti hata aliyekuja mikono mitupu anajua anaulizwa nini. Mzee wa masjala alipoanza, "Ile Land Rover ya kwanza...", Mwenyekiti alimwuliza kwa heshima, "Mzee wangu, mnada au vipuri?" Akasema mnada. Wote wakasema mnada. Dakika zilibaki, tukatazamana kama watu walioshushwa kituo wasichokijua.

Ila sikuweza kuifuta Mengineyo. Nilijaribu, lakini wakati wa kuthibitisha ajenda watu watatu walisimama kwa mpigo kuirudisha. Nikaomba basi kila mwenye jambo alilete kwangu kwa maandishi kabla ya kikao. Walileta. Orodha ikawa ndefu kuliko ajenda zote zilizotangulia, na ya kwanza ilihusu ufunguo wa choo cha juu, ambao ulikuwa haujulikani uliko tangu wiki iliyopita.

Nani aliuchukua, nani alionekana nao mara ya mwisho, kwa nini idara moja ina choo chake na nyingine inapanga foleni chini: hapo hata wale waliokuwa wanasinzia walivaa miwani. Mlinzi akaitwa kutoa maelezo. Mhasibu akapendekeza uchongwe mwingine, akaulizwa kwa fungu lipi. Mwenyekiti jasho likamtoka, akavuta leso mfukoni ajipanguse, na ufunguo ukaanguka mezani, kibao chake cha "CHOO JUU" kikatazama juu.

Kimya. Nikasimamisha kalamu.

"Katibu," akasema mzee wa masjala kwa upole, "hilo nalo uliandike."

Mwenyekiti akafunga kikao saa ileile.