Uso wa Mheshimiwa Usikatwe

Hakuna kazi inayochosha kama kushona kitambaa cha chama. Chitenje (kitenge) cha kawaida kina maua, na ua halina malalamiko. Lipasue katikati, litabaki ua. Lakini chitenje cha chama kina uso wa mgombea, mviringo mkubwa kama sahani, na kila mama aliyekipata bure mkutanoni anakuja na masharti ya afisa wa itifaki. "Atelala," yaani fundi, "uso ukae kifuani." Unampima, unaona kifua na uso havipatani. Ukiupandisha, mshono wa bega unapita kwenye nywele za mheshimiwa. Ukiushusha, ule mkunjo wa kubana kifua unamkata pua. Na ole wako kitambaa kiwe kidogo, uso uishie nyuma ya sketi. Hapo utaitiwa wazee.

Wakati wa uchaguzi wa Malawi wa Mei 2019 cherehani yangu ilikuwa sokoni Mitundu, kusini mwa Lilongwe. Kanda ile ya kati ni ngome ya MCP, chama cha jogoo, kwa hiyo meza yangu ilijaa kijani, nyekundu na nyeusi. Bluu ya DPP nayo haikukosa, maana DPP ndio waliokuwa madarakani. Peter Mutharika wa DPP akatangazwa mshindi. Februari 2020 majaji watano wakafuta matokeo, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, fomu za matokeo zilikuwa zimepakwa Tipp-Ex. Juni uchaguzi ukarudiwa, Lazarus Chakwera wa MCP akapita kwa zaidi ya asilimia 58. Haukupita muda, amayi (mama) mmoja akanirudishia gauni la bluu, lile tuliloligombania pua. Anataka foronya, na uso ukae kwa ndani.

Nikamgeuzia. Septemba 2025 Mutharika huyohuyo amembwaga Chakwera na kurudi Ikulu. Sijui amayi yule analalia nini sasa.

Jirani yangu wa pale sokoni, fundi Mmalawi aliyeanza kazi enzi za Rais Kamuzu Banda, alikuwa akinicheka. Kwake hayo ya foronya ni mambo madogo. Mwaka 2004 walishona manjano ya UDF yenye uso wa Bingu wa Mutharika mpaka vidole vikaota sugu. Bingu akashinda. Februari 2005, nguo hazijapauka bado, rais akakihama chama kilichomweka Ikulu, akaanzisha DPP yake, ya bluu. Watu wakabaki na rais sahihi kwenye rangi isiyo sahihi. Hiyo, alisema mzee yule, hata foronya haifai.

Na mimi nina langu. Mwenyekiti wa tawi la chama kimoja, ambacho sikitaji kwa kuwa bado sijakata tamaa, aliniagiza magauni ya kina mama wake wa ngoma kwa ajili ya kampeni ile ya 2019. Alitanguliza salamu, fedha zingefuata. Baada ya kura nikamwendea. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba matokeo yako mahakamani, na deni langu liko hukohuko. Nikangoja majaji. Matokeo yalipofutwa nikamwendea tena. Akanieleza kwamba magauni yale yalikuwa ya uchaguzi uliofutwa, kwa hiyo kisheria hayakushonwa.

Mei 2023 amri ya sisi wakimbizi kurudi kambini ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Cherehani nikaipakia, deni likabaki Mitundu.

Sasa niko Dzaleka, wilayani Dowa, na hapa ndipo siasa za vyama zinaponichanganya kabisa. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, hapa palikuwa gereza la Kamuzu, na miongoni mwa waliofungwa humu walikuwemo watu walioonekana wapinzani wake. Enzi hizo bila kadi ya MCP hukupanda basi wala hukuingia sokoni. Mashahidi wa Yehova walikataa kuinunua, na maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Yaani Mmalawi naye amewahi kuwa mkimbizi, na kosa lake ni kadi. Kwetu Kongo, enzi za Zaire, Mobutu alikuwa na huruma zaidi: MPR yake ilimhesabu kila mtu mwanachama tangu kuzaliwa. Kamuzu aliuza, Mobutu akagawa bure.

Ungedhani watu wenye historia hiyo wangekimbia wakisikia neno chama. Thubutu! Benchi langu limekaliwa na wawili kutoka Kivu, mmoja UDPS ya Tshisekedi, mwingine PPRD ya Kabila. Katika uchaguzi wa kwao wa Desemba 2023, Wakongomani wa nje walioruhusiwa kupiga kura walikuwa wa nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Malawi haimo. Kura ya Malawi nayo si yao. Wawili hawa hawana kura popote chini ya jua, na ndio wanaopigana vifua kila asubuhi mpaka wateja wangu wanapitiliza. Wa PPRD aliacha suruali nimpunguzie miguu. Iko tayari kitambo, lakini ameapa haingii humu wa UDPS akiwa amekaa. Wa UDPS naye hanyanyuki, anasema huko ndiko kulinda kura.

"Mzee," nikamwuliza, "kura gani?"

"Usilete uchochezi, fundi."

Sheria ya wakimbizi ya Malawi ni ya 1989, Kamuzu akiwa bado rais. Tangu hapo zimepita Ikulu manjano, bluu, rangi ya chungwa, bluu tena, kijani ya jogoo, na sasa bluu kwa mara nyingine. Kambi iliyopangwa kwa watu kama 10,000 imezidi 50,000, na mkutanoni sijasikia vyama hivyo vikitukanana kwa ajili yetu hata kidogo. Katika hilo ni ndugu.

Uchaguzi mwingine wa Malawi ni 2030. Wa chama chochote anakaribishwa Dzaleka, na kitambaa chake, na uso wake. Nusu ya malipo kabla sijapima, nusu kabla ya matokeo.