Sifa za Faili la Mume Mgeni

Malindi ina vingi vilivyosifiwa: nguzo ya Vasco da Gama, magofu ya Gedi, samaki wa kupaka. Faili halijapata msifu. Nasema lile faili la karatasi ngumu ambalo mwanamke wa mtaa wa Kisumu Ndogo hulibana kwapani akipanda tuktuk kwenda kumtafutia mumewe Mtaliano ukaazi wa kudumu. Leo nalisifu mimi, tena bila kulipwa.

Msifu hodari huanza na ukoo. Mamake faili hili ni Katiba ya 2010, babake ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Kabla ya wazazi hao, mwanamume Mkenya aliweza kumpatia mkewe mgeni uraia, lakini mwanamke Mkenya hakuwa na la kumpa mumewe mgeni ila wali na radhi. Wataliano walirusha satelaiti yao 1967 kutoka jukwaa lao la baharini pale Ngomeni. Njia ya kukaa nchini kwa kudumu kupitia mke ikachukua miaka 44 zaidi. Kumbe kufika angani ni rahisi kuliko kufika kwa mama mkwe na karatasi mkononi.

Baada ya ukoo, tabia. Faili lina subira kuliko mtu yeyote mtaani. Kadhi hukuozesha asubuhi, jioni pilau imekwisha, na majirani wameshaanza kuhesabu siku za kuachana. Faili halina haraka hiyo. Linasema: kaeni pamoja miaka 3, ndipo mje. Na mkitaka uraia wenyewe, kaeni 7. Mshenga gani aliwahi kuweka dhamana ya namna hiyo?

Tena linapenda haki. Mtazame yule mume, mzee ambaye hotelini hurudisha mvinyo kwa kuwa haukupoa. Sasa kakaa kimya kwenye kiti cha plastiki ndani ya saiba, kashika picha zake za pasipoti kwa ncha za vidole zisipate alama. Mkewe kasimama nyuma ya kijana anayechapa barua ya mke ya kumwombea mumewe ukaazi, ambayo bila saini yake haina maana.

"Mama, niandike mwaishi pamoja kwa amani?"

Mama anamgeukia mumewe, anamwangalia toka kandambili hadi kofia.

"Andika. Lakini usichapishe bado."

Wiki hiyo mzee alijifunza kuosha vyombo. Hotuba ngapi za usawa wa kijinsia zimewahi kufanya kazi hiyo?

Wako watakaonikumbusha kwamba faili hili lina ndugu yake Italia, ambako kibali cha mke humtegemea mume, na anayepima maneno kabla ya kusema ni yule binti wa Malindi. Ni kweli, na mimi nalisifu kwa hilo pia: halibagui. Popote liendapo, humfanya mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mwombaji ndani ya chandarua kimoja, kisha likawaamuru wote wawili waape kwamba wanapendana tu.

Na halidanganyi. Mzee akishapata ukaazi wake, akaanza kuota shamba la milele lenye minazi, Katiba humshika bega katika kifungu cha 65: asiye raia hupewa ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99. Yeye ni wa kudumu, shamba lake ni la muda. Umri wake ukiwa 68, hana sababu ya kulalamika.

Tukufu kuliko zote ni nguvu linayompa mke. Mwanamke ambaye mtaani huitwa mama fulani, asiyejulikana na benki wala diwani, anaweka saini, na Jamhuri ya Kenya inamfungulia mtu mlango asiondoke tena. Ni uwezo wa kifalme. Anautumia akiwa Kisumu Ndogo, kwenye kiwanja ambacho babake alikikalia, na yeye amekikalia, na ambacho, kama ilivyo kwa maelfu ya Wapwani, hana hatimiliki yake. Mumewe ameshathibitishwa kuwa mkaazi wa kudumu. Yeye angali skwota.